Polisi Watatu wa Kilabuni

Jumapili, Ngana

Mimi ninayesifika kwa maneno hadi Katumba Songwe, leo maneno hayo yameniponza. Nilikwenda Busale kumposea Lusajo, mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba wa binti akakataa.

"Simpi binti yangu mtu aliyevunja duka akapiga polisi watatu."

"Aliiba baiskeli tu, mzee, akiwa na miaka kumi na minne! Na adhabu alimaliza."

"Si wewe mwenyewe uliyetusimulia kilabuni?"

Kweli. Wale polisi niliwaongeza mimi, mmoja kila kikombe, ili watu wacheke.

Nilimkuta Lusajo ananisubiri, bado kavaa shati la kanisani. Nikamwambia wazee wanafikiria.

"Ndaga fijo, baba mdogo," akashukuru. "Bila wewe ningesemewa na nani?"