Benki Upande wa Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Januari

Mkutano asubuhi, kabla ya kufungua. Meneja Kaberia alisimama juu ya kiti ili tumwone – ni mfupi na anajua. Serikali imelegeza kamba, akasema. Zamani tuliambiwa riba mwisho wake hapa, sasa kila benki inajipangia. Soko huria! Alilitamka kama mtu aliyeokoka jana. Kwa hiyo hakuna tena mteja wa kurudishwa nyumbani. Hana hati ya shamba? Chukua ng'ombe. Hana ng'ombe? Chukua anachotarajia.

Nikauliza, anachotarajia vipi. Chochote ambacho mtu ana hakika kitakuja, akasema. Mavuno. Bonasi ya majani chai. "Madam Teresia, fungua akili!"

Haya, nimefungua. Jioni Mutuma, mchumba wangu, alinipeleka Majengo, hapa hapa Meru, kula nyama. Imepangwa: wazee wake watashuka Ishiara kwa baba tarehe ishirini, kuzungumza mahari. Nina furaha mpaka najiogopa. Nimekula mbavu hadi mwenye hoteli akaja kutazama ni nani huyo.

Alhamisi, 11 Januari

Kaberia amenipongeza mbele ya wafanyakazi wote. Makofi! Sikujua nimefanya nini. Kumbe jana, nikiwa nimetumwa Nkubu, baba alipanda kutoka Ishiara akaja kukopa katika tawi letu. Anataka pampu ya kumwagilia tikitimaji. Dhamana: mahari yangu. Ambayo haijaletwa. Ambayo hata haijazungumzwa!

Nilimpigia simu. Hakuona haya hata kidogo. Ati waliuliza ana nini cha hakika kitakachokuja, akafikiria. Mvua si ya hakika. Serikali si ya hakika. Akabaki na mimi.

"Wewe ni msichana wa maana, Teresia. Hao watu wataleta tu."

Sikujua nikasirike au nishukuru. Nilikasirika.

Jumamosi, 20 Januari

Ishiara. Joto la kuoka mkate. Wazee wa Mutuma wamefika kutoka Ruiri na makoti mazito ya baridi ya kwao, jasho linatiririka, hakuna anayevua – heshima. Nyuma yao, gari la benki. Kaberia!

Amekuja kuangalia dhamana, akasema. Nilidhani baba atamfukuza, lakini nani hufukuza mgeni siku kama hii? Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema mama, akampa kiti upande wetu, katikati ya shangazi zangu.

Baba mdogo Ndwiga ndiye msemaji wetu. Akaanza kwa mafumbo kama desturi: tunasikia mmeona ua katika boma hili. Kaberia akainua mkono. Akauliza kama ua limefanyiwa tathmini.

Watu walicheka, wakidhani naye anasema kwa mafumbo. Wazee wa Ruiri wakataja mbuzi arobaini. Baba mdogo alikuwa tayari kukubali, nilimwona. Kaberia akamnong'oneza. Sitini! Kwa sababu ya hatari za soko. Wazee wa Ruiri wakatazamana, wakakubali. Mutuma akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta. Shangazi zangu walimpigia Kaberia vigelegele na kumwongezea supu.

Halafu akaharibu. Aliuliza mahari itakamilika tarehe gani. Baba mdogo akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu, kwamba mahari haiishi. Anayemaliza mahari amenunua mtu. Lazima kitu kibaki, ili watu waendelee kutembeleana mpaka kwa wajukuu.

"Haiishi kabisa?"

Haiishi. Maskini, supu ilimpoa mkononi. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Jumatano, 24 Januari

Makao makuu Nairobi wamejibu. Deni lisiloisha ni biashara nzuri sana. Wanataka mengine kama hilo. Kaberia amefufuka.

Ijumaa, 2 Februari

Mutuma amepata ujumbe wa benki kwenye simu: Mpendwa mteja, riba imepanda, mahari yako sasa ni mbuzi sitini na saba. Alinionyesha akicheka. Mwalimu wa shule ya msingi, mbuzi sitini na saba atawatoa wapi? Akasema ameshawapata. Wapi? Benki.

Nikakaa chini.

Amekopa kwetu, katika tawi la Ruiri. Meneja wa huko, Mugambi, alimhudumia mwenyewe, na chai juu. Dhamana ni mbuzi wenyewe. Yaani mbuzi wakiwa Ruiri ni wa tawi la Ruiri kwa sababu ya Mutuma. Wakifika Ishiara ni wa tawi la Meru kwa sababu ya baba. Nikamuuliza, na wakiwa njiani? Akasema njiani wana bima. Ya nani? Ya benki.

Tuligombana. Nilisema tuhamie Isiolo, tufuge kuku, tusimwambie mtu. Akasema mama yake atakufa. Nampenda huyu mjinga. Nililia, kisha nikapiga pasi nguo za kazi.

Jumamosi, 10 Februari

Naandika haya chooni kwa baba, Ishiara. Nimeegemea mlango wa mabati. Unachoma.

Mbuzi wamefika. Kaberia anataka washuke upesi wawe dhamana ya baba. Mugambi anasema hakuna mbuzi wa kushuka kwenye lori kabla Mutuma hajalipa. Benki moja! Tai za rangi moja! Wamekunjana mashati langoni. Baba na wazee wa Ruiri wamewaacha hapo, wameketi pamoja wanazungumza habari za mvua, na wanapatana sana.

Baba mdogo ndiye aliyeamua. Kwa desturi, mbuzi hawapokewi mpaka msichana aulizwe. Nikaitwa mbele. "Teresia, wageni hawa wameleta mali. Tuipokee?"

Nikisema ndiyo, mbuzi ni wa Kaberia. Nikisema hapana, ni wa Mugambi. Kaberia akanikonyeza – yeye ndiye huandika ripoti yangu ya kazi. Mugambi akatikisa kichwa. Wote wawili walikuwa wameshika kalamu. Na Mutuma ameinamisha kichwa, koti la baba yake limemzidi mabega. Neno hilo, ndiyo, nilimwekea yeye, tangu mwaka juzi. Sasa nimpe Kaberia aingize kwenye kompyuta?

Nikasema naomba kwenda haja.

Wanangoja. Mama amekuja mara moja kusema jua linawaumiza mbuzi.

Kuna mtu nyuma ya choo. Ni Mutuma. Anauliza kwa sauti ya chini kama ninamtaka. Si kama tupokee – kama mimi mwenyewe ninamtaka. Wiki zote hizi hakuna aliyeniuliza hivyo, hata yeye! Nimeweka mdomo kwenye tundu la bati, nikasema ndiyo. Nikasema tena.

Sasa anacheka, pua imejaa machozi, namsikia. Halafu kikohozi. Si chake. Karibu kabisa. Ni Kaberia, anauliza kama ndiyo hiyo inahesabika.