Nafasi Mbili za Masako

Jumatatu, 3 Machi
Msituni Masako tangu asubuhi. Miti sitini na nne. Papa Losala anachanja gome, ananusa, anataja jina la mti. Mimi napima na kuandika. Mwaka wa kumi na moja huu. Diploma ninayo mimi, miti anaijua yeye.

Jumatano, 5 Machi
Barua pepe kutoka kwa wenzetu wa Ulaya. Makala ya pamoja iko tayari, nchi tisa. Kila msitu una nafasi mbili za waandishi. Majina yafike Ijumaa. Mfadhili wao amelipia kila kitu, hata ada ya jarida ili isomwe bure, kwa hiyo itanukuliwa kila mahali. Yangu ya zamani, kuhusu miti hiyo hiyo, ilitoka kwenye jarida la fakulte yetu hapa chuoni, bila mfadhili. Imenukuliwa mara moja. Na mimi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu wa idara ameshasikia. "Bon, mimi na weye, inatosha." Hajawahi kukanyaga Masako. Lakini faili langu la kupanda cheo liko mezani kwake, linangoja sahihi. Papa Losala atawekwa kwenye shukrani, pamoja na dereva. Nikaitikia. Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetuma. Losala na mimi. Liwalo na liwe.

Jumanne, 11 Machi
Mkuu amejua. Hanisalimu. Wenzangu wawili wamesainiwa mafaili yao, mimi bado. "Mwakani, labda," katibu wake ameniambia. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaingia darasani.

Jumamosi, 20 Septemba
Makala imetoka, na tayari watu wanainukuu. Faili halijasogea. Kujuta, najuta kidogo, hasa mwisho wa mwezi.

Nimeichapa kwenye karatasi na kuipeleka Masako. Papa Losala hajui Kiingereza, ila jina lake alilipata upesi kwa kidole. Akayapitia na mengine, polepole, mpaka mwisho.

"Mama, hawa bengine, unabajua?"

Nikamwambia wawili tu, wengine sijawahi kuwaona. Kila mmoja alipima msitu wake, na wapo waliokaa tu na kompyuta. Akafikiri.

"Bon. Siku batakuya huku, banione mimi kwanza."

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akachukua panga. Tumepima miti arobaini kabla ya mvua.