Nduma Nyuma ya Goli

Kwako kaka Muriungi,

Habari za Kianjai? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa Mama uliomsumbua wakati wa palizi umepona. Mimi mwili wangu hauna neno. Baridi ya huku Runyenjes, Embu, ni kali asubuhi, lakini sweta aliyonifumia Mama bado inanifaa, ila mikono imeanza kuwa mifupi.

Kaka, nina jambo la kukuuliza na tafadhali usinicheke. Ulimjuaje Mwenda, yule kipa wa shule tuliyocheza nayo Meru mjini?

Unajua timu yetu haijashinda hata mechi moja tangu muhula uanze. Mimi sikuomba kuwa kipa. Mwalimu wa michezo alinitoa maktaba kwa sababu ya urefu wangu. Mwanzoni tukifungwa, wenzangu walilaumu viatu, kisha refa, kisha mvua. Sasa wananilaumu mimi, kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayetoka Meru, na wanaotufunga zaidi ni wa Meru.

Siku ile ulipokuja wakati wa mapumziko na kifurushi cha Mama, wenzangu walikuwa upande wa pili wa uwanja wakinywa maji. Mwenda alikuwa anakuja kushika goli nililotoka. Ukafungua yale majani ya mgomba, ukamwita kwa jina, ukampa nduma, yale magimbi ya Mama. Mkacheka. Kisha ukaniambia, "Hizi nyingine ficha. Hao wa Embu wakiziona hutabaki hata na ganda." Nikazifunga ndani ya sweta, nikaiacha nyuma ya goli.

Kipindi cha pili nikafungwa matatu. La mwisho lilipita katikati ya miguu yangu, na hadi leo sijui lilipitaje.

Tulipokuwa kwenye lori tukirudi, Njeru, nahodha wetu, aliivuta sweta yangu ajifunike. Nduma zikamwangukia magotini. Akainua moja.

"Mmeru, hii ni nini?"

"Ni nduma. Ni za mama yangu."

"Na mama yako anacheza namba ngapi kwa wale?" mmoja akauliza kutoka nyuma. Wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

"Tulimwona kipa wao akitafuna," Njeru akasema. "Yeye amekula, sisi hatujala. Tuambie mlipatana nini."

Nikawagawia. Hakuna aliyepokea, na tulikuwa na njaa tangu asubuhi. Zilikaa mapajani mwangu mpaka Runyenjes.

Tangu siku hiyo nikikaa mezani wanahamisha sahani zao. Nikiandika, mtu anapita nyuma yangu kuchungulia. Barua hii nimeifunika kwa atlasi. Mimi nami nimeanza kuwa kama wao. Najiuliza kwa nini Njeru alitaka sweta yangu wakati alikuwa na koti lake. Najiuliza kwa nini beki wetu alimwachia njia yule mfungaji. Halafu nakufikiria wewe, kaka. Mlikuwa mnacheka nini?

Jana nilimkuta Njeru bombani akifua jezi. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Zile nduma zilikuwa za kuchemsha au za kuchoma?"

"Za kuchemsha."

"Na ukamlisha adui, sisi tukashindia maji."

Nikasema ni wewe uliyempa.

"Na mdomo wako wa kutuita ulikuwa wapi?"

Akakamua jezi, akaenda. Mpaka sasa sijui kama ile ilikuwa hasira ya njaa au alikuwa ananipima.

Jumamosi ijayo Mwenda na wenzake wanakuja hapa kwetu, na ndiyo mechi ya mwisho. Njeru amesema nikifungwa kama siku ile, nisikae tena meza moja nao. Maktaba ningerudi kwa furaha, kaka, lakini si nikiitwa msaliti.

Kwa hiyo njoo kabla mpira haujaanza. Mwambie Mama achemshe nduma za kutosha timu nzima, na azifunge mwenyewe. Nitafungua mbele yao wote na kuuma mimi kwanza, kama Mama anavyoonja uji kabla ya kumpa mgeni kibuyu. Kisha nitampa Njeru. Mwenda akipita, asubiri. Na swali langu kuhusu Mwenda ulijibu hapo hapo mbele yao, usinivute pembeni.

Nisalimie Nyanya, na umwambie bado navaa soksi kama alivyoniagiza. Nisalimie dada yetu mdogo Kanana, aache kuchora ndani ya vitabu vyangu. Mwambie Mama nduma zilikuwa tamu. Usimwambie kwamba zimeozea ndani ya sanduku langu, kwa sababu sikuweza kuzila peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kirimi