Njia ya Mawe ya Peyreverde

Jumatatu, 5 Novemba
Meya wetu, Bwana Roumégoux, kanipa mimi karani wake kazi: ukurasa mmoja wa jiografia na historia ya kijiji, kwa ajili ya mkaguzi wa njia za umma anayekuja Jumanne ijayo. Rahisi. Vaubrune: bonde, mto, kanisa. Juu, kwenye uwanda wa chokaa, kitongoji cha Peyreverde. Kati yao, njia ya mawe ya wachungaji. Kisha akasema, kama anayeagiza kahawa:
“Andika kwamba njia ile imekufa. Kondoo siku hizi wanapanda lori.”
Kuna bwana wa Lyon kanunua nyumba kando ya njia, anaitaka iwe bustani yake. Sheria haikubali kuuza njia ambayo watu bado wanaipita. Kwa hiyo lazima ife — tena kwa mkono wangu! Mkataba wangu unaisha Desemba. Nikajibu, “Sawa, Bwana Meya.” Mwoga mimi.

Jumatano, 7 Novemba
Nimeandika “imekufa”. Nikafuta. Nikaandika “haitumiki sana”. Meya akasoma akiwa amesimama.
“Sana? Binti, njia ama inatumika ama haitumiki. Toa hiyo sana.”
Nimeitoa. Najifariji: kweli sijawahi kuona kondoo pale.

Alhamisi, 8 Novemba
Mzee Urbain Calmejane wa Peyreverde amefariki. Bintiye, Odile, kaja kuchukua kibali cha mazishi. Meya kampa pole, kamwambia gari la maiti litashuka kwa barabara ya lami. Odile akacheka, machozi yakimtoka.
“Lami? Baba yangu si gunia la viazi! Sisi wa juu tunashuka mabegani, kwa njia ya mawe. Mama alishuka hivyo. Na wewe ulikuwepo, Roumégoux — kanisani, unaota moto!”
Meya akawa mwekundu. Hakujua! Sisi wa bondeni tunalipokea jeneza mlangoni mwa kanisa, na hakuna aliyewahi kuuliza limefikaje hapo. Hata mimi.
Odile alipotoka, meya akasema ukurasa ubaki ulivyo.

Ijumaa, 9 Novemba
Bwana wa Lyon kaweka geti la chuma njiani. Na mnyororo. Meya anasema ni la muda tu. Muda gani? Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 11 Novemba
Karne moja tangu Vita vya Kwanza vya Dunia viishe. Kwenye mnara wa kumbukumbu, meya kasoma majina ya vijana waliokufa. Karibu nusu ni wa Peyreverde. Aliposema “hatutawasahau kamwe”, Odile akadakia, wote wakasikia:
“Usiwasahau, na usiwafungie geti!”
Watu wakakohoa. Nami nilitabasamu — meya akaniona.

Jumanne, 13 Novemba
Naandika ofisini, haraka.
Asubuhi, siku ya kumzika Mzee Urbain, nilipanda kuangalia tu. Kuangalia tu! Mvua. Jeneza likasimama mbele ya geti. Bastien, mchungaji, mkwe wa marehemu, akaingiza mtaimbo kwenye bawaba, akaling'oa lote, akalilaza majanini taratibu.
“Hatuvunji,” akasema. “Limechoka, tunalipumzisha.”
Watu wakacheka, hata Odile. Tukashuka. Kwenye kona ya jiwe ambapo huwa wanapumzika, mbebaji mmoja akateleza, akateguka kifundo. Wakabaki pungufu. Odile akanigeukia.
“We karani! Una bega, au una kalamu tu?”
Nikaingia chini ya jeneza. Sijawahi kubeba kitu kizito hivyo. Ubao ukanikata begani, matope yakafika magotini. Bastien alikuwa nyuma yangu, akininong'oneza kila hatua: “Mguu wa kushoto, dada. Jiwe. Haya. Usikimbie, mzee hana haraka.”
Meya alikuwa mlangoni mwa kanisa. Akalitazama jeneza. Kisha akanitazama mimi.
Sasa gari la mkaguzi liko uwanjani. Nimeandika ukurasa upya. Jiografia ile ile, ila mwisho nimeweka: “Njia hii inatumika. Leo asubuhi imetumika.” Meya kausoma. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Kasema kwa sauti ya chini kwamba niandike mazishi yalipita lami, na kwamba kazi ziko chache huku kwetu. Kisha akaniangalia miguu.
“Vua hivyo. Kuna viatu vya mke wangu garini. Mkaguzi asikuone hivi.”
“Hapana.”
Ndivyo nilivyosema. Hapana! Hata “Bwana Meya” sikuongeza.
Kashuka kumpokea. Nasikia kicheko chake cha wageni. Sasa ngazi zinalia — watu wawili. Ukurasa uko mezani, umegeukia mlango. Matope yamekauka, yanamomonyoka juu ya zulia. Nimesimama mbele ya meza, daftari mkononi, mahali ambapo mkaguzi hawezi kukosa kuniona kuanzia kichwani mpaka chini.
Kitasa kinazunguka.