Leso Iliyofukizwa Udi

Mama,

Nimekupoteza mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kunipa pole.

Ni ile leso yako ya zambarau, uliyokuwa ukijifunga siku za kunisuka. Tangu tulipokuzika sikuifua. Niliificha chini kabisa ya sanduku, na nikilemewa nilikuwa naitoa, najifunika uso, na wewe upo: mafuta ya nazi, iliki ya mahamri, na jasho lako.

Baba ameoa, Mama. Mkewe ni Bi Zuhura, amekuja na mwanawe Nasri wa miaka minne. Nasri ananiita dada na mimi bado sijui kumwitikia.

Bi Zuhura si mbaya, na hapo ndipo ninaposhindwa. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Hunibakishia ukoko wa wali kwa sababu aliambiwa naupenda. Nywele zangu huzichana taratibu mno, utadhani zinaumwa. Wewe ulikuwa ukinibana kwa magoti na kusema, "Tulia weye! Leo kichwa si chako, ni changu."

Siku mbili kabla ya Idi alizitoa nguo zote za nyumba, akazifua na kuzifukiza. Niliporudi kutoka dukani, ukumbi mzima ulikuwa moshi, na leso yako imetandazwa juu ya tenga, chetezo kinafuka chini yake. Nilisimama mlangoni na mkate mkononi. Akaniambia kwa furaha, "Nguo ya mamako, mwanangu, haifai kukaa na uvundo wa sanduku. Nimeitilia udi wangu wa arusi."

Udi wake wa arusi, Mama! Ule ambao hata Baba hafukiziwi siku hizi. Ningemgombaje? Machozi yakanitoka, nikasema ni moshi. Akaichukua leso ile ile, akanifuta nayo.

Idi imepita. Jana nilikwenda Marikiti, nikanunua iliki, nikaitwanga, nikaichanganya na mafuta ya nazi. Nikanusa. Ilikuwa iliki na mafuta ya nazi tu. Nikaosha kinu, nikakaa jikoni peke yangu. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Na naogopa, Mama. Naogopa kwamba kidogo kidogo nitakusahau, na kila mtu ataniambia nimeanza kuzoea.

Sijui kama siku moja nitamwita Mama. Yeye anangoja, namwona anavyongoja. Hilo siwezi kukuahidi wala siwezi kumwahidi. Ninaloweza kukuahidi ni moja tu: sitamwambia kamwe alichokiosha.

Mungu akulaze pema, Mama. Leso nimeikunja, nimeirudisha pale pale chini ya sanduku. Kila nikitoka shule bado naifungua, huenda umerudi.

Mwanao,
Salma