Baba Anatembea Peke Yake, Nami Niko Nyuma ya Nguzo

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na nakuonya mapema kwamba barua hii ina furaha kuliko shida, ila shida yenyewe imekaa ndani ya furaha kama punje ya mchanga kwenye kiatu kipya na inaninyima raha.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kitinda mimba wa nyumba yetu, na kazi yangu ni kupaka rangi, si kuta wala kucha bali picha, yaani tunakaa ofisini juu ya duka la vioo, kila mtu na kompyuta yake, tunaletewa picha za barabarani na kazi yetu ni kuigawa kila picha hadi nukta ya mwisho, hii ni barabara ipake kijivu, hii ni njia ya miguu ipake waridi, huyu ni mtu mpake nyekundu, nguzo manjano, mbingu samawati, huruhusiwi kuruka hata ncha ya sikio, na kompyuta ikishameza maelfu ya picha zetu inajifunza kuipaka yenyewe picha ambayo haijawahi kuiona. Kaka yangu akiulizwa nafanya kazi gani anasema, "Anachorachora kama mtoto wa chekechea, tena analipwa."

Sasa Shangazi, baba yangu ni mwalimu wa kwaya na haoni, presha ya macho ilimwibia nuru yake polepole nikiwa bado shuleni, bila maumivu, bila dalili, na alipofika hospitali kwa mara ya kwanza daktari akamwambia, "Mzee, umechelewa," na tangu hapo mkono wake umekaa begani kwangu, mimi ndiye wa kumpeleka mazoezini, kwa kinyozi, msibani, hata kijana mmoja aliyekuwa akinichumbia alichoka akasema kila tukitoka matembezi tunakuwa watatu.

Ndipo kampuni inayotuletea picha ikatengeneza simu ya kuvaa kifuani, inatazama mbele, inaipaka njia rangi upesi kuliko kupepesa jicho, halafu inamnong'oneza mvaaji sikioni, "Njia ya miguu inaisha, nguzo kulia, mtu mbele," na msimamizi wetu akanipa moja baba aijaribu. Wiki ya kwanza tu, nilipomwachia ajaribu hatua chache, ikamtumbukiza kwenye dimbwi hadi magotini! Nilipochunguza nikaona kosa ni letu wapaka rangi, maana dimbwi lililotulia linaonyesha mawingu, nasi tuliambiwa tupake tunachokiona, tukapaka samawati, basi mashine ikaona mbingu pale chini, na mbingu haimkwazi mtu, ikanyamaza. Baba alikuwa ametoka ametota, na nilipomweleza kisa hicho akasema, "Mwanangu, mimi ndiye wa kwanza kuingia mbinguni na viatu." Watu walicheka, lakini mimi niliumia, nikamfuata msimamizi, tukakubaliana iwepo rangi mpya ya maji ya chini, zambarau, na ofisi nzima tukarudia kila picha yenye dimbwi, hata walioanza kwa kununa mwishoni walikuwa wakiitana, "Njoo uone hili langu!" Simu ikafundishwa upya, mvua ikanyesha, baba akaniambia niuondoe mkono wake begani nimwache, akafika palepale, akasimama, akasikiliza, akaambaa na ukuta na kupita mkavu kabisa, kisha akainua fimbo juu kama mtu aliyefunga goli! Muuza magazeti alipiga makofi, mama akapiga vigelegele dirishani, nami nililia hadharani bila haya.

Tangu siku hiyo anatembea peke yake, kifua mbele, anasimama kuongea na watu ambao zamani walikuwa wakiniuliza mimi, "Mzee hajambo?" naye yupo hapohapo.

Basi hapa ndipo naficha uso. Kila akitoka asubuhi kwenda ukumbini kufundisha kwaya namuaga mama kwamba nakwenda kazini, halafu namfuata baba kwa nyuma, nanyatanyata kama askari kanzu, najificha kwenye milango ya maduka, miezi miwili sasa, na bahati yangu ni kwamba hatembei haraka, kila akifika kona husimama akapiga mluzi ubeti mzima ndipo akate, nadhani anapumzika. Siku moja nilipita njia ya mkato nikamtangulia, nikajibanza nyuma ya nguzo, na siku hiyo kidude cha sikioni kilikuwa kimeharibika hivyo simu ilikuwa inasema kwa sauti, ikasema, "Nguzo kushoto, mtu kushoto," baba akacheka akasema, "Habari za asubuhi, nguzo," akapita, nikashukuru Mungu hakunigundua.

Na juzi msimamizi ameniita kuniambia nimechaguliwa, Shangazi, mimi niliyekuwa nachorachora, nikaongoze kikundi kipya kwenye hospitali ya macho katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, huko tutapaka picha za nyuma ya jicho, kuna duara dogo ndani ya duara kubwa, na presha ya macho ikianza lile dogo linatanuka mgonjwa hana habari, sasa tukiifundisha mashine kuyatenga yale maduara itamshtua daktari mapema. Ni ugonjwa uleule uliomchukulia baba macho! Anataka jibu Ijumaa. Mama anasema niende, kaka anasema niende, baba sijamwambia. Naogopa, kwa sababu dunia ina vitu vingi kuliko rangi zetu, je, siku akikutana na kitu ambacho hatujakipa rangi? Na nikisema ukweli wote, nikimwona anacheka na kile kidude nasikia wivu, maana mimi ndiye nilikuwa macho yake, na sasa sijui mimi ni nani. Nifanyeje?

Ni mimi, Mpaka Rangi.

* * *

Mpaka Rangi, mwanangu,

Kwanza hongera! Nilipofika pale kwenye dimbwi nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni, na nilipofika kwenye fimbo iliyoinuliwa nikatafuta kitambaa. Baba yako ameshinda, umeshinda, ofisi yenu nzima imeshinda. Sasa kaa vizuri, maana nakugombeza.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe unayo mawili mazima na bado inabidi uambiwe. Mtu ambaye haruki hata ncha ya sikio, umemruka mtu mkubwa kuliko wote kwenye picha. We mtoto, baba yako anajua! Mwalimu wa kwaya, anayesikia sauti moja iliyopotoka katikati ya waimbaji arobaini, asisikie viatu vya binti yake miezi miwili mgongoni? Unadhani pale kwenye nguzo alikuwa anaisalimia nguzo? Na ule mluzi wa kwenye kona si wa kupumzika. Anakungoja usimpoteze. Wewe unajiona unamlinda, kumbe mzee wa watu anakutembeza wewe taratibu, kona kwa kona, mpaka uzoee kumwachia.

Kuhusu hofu yako, sikudanganyi. Ni kweli, mashine itakosea tena. Ilishakosea, akalowa magoti, akatoka na utani. Ana fimbo, ana masikio, ana mdomo wa kuuliza, ana muuza magazeti na ana mkewe dirishani. Nawe ulipokuwa ukimwongoza, niambie hukuwahi kumgongesha kwenye mlango wa kinyozi. Kaka yako naye apunguze maneno, awe anaikagua ile simu kila jioni na kuichaji. Na baba akikutana na kitu kisicho na rangi, akupigie akueleze, ukiwasilishe ofisini kama ulivyowasilisha dimbwi. Hutapata mkaguzi mkali kuliko yeye.

Ule wivu nausamehe, ni wa mapenzi. Unauliza sasa wewe ni nani. Wewe ni binti yake, na hakuna mashine itakayokupokea zamu hiyo. Macho yake ulikuwa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Njia imepatikana, tena umeipaka kwa mkono wako, halafu unaikasirikia!

Na hiyo kisebusebu na kiroho papo uiache. Unaitaka kazi hii, kila mstari wa barua yako unapiga kelele kwamba unaitaka. Usingoje Ijumaa. Kesho jioni mweleze baba mwenyewe, kabla kaka yako hajaropoka. Usimwombe ruhusa wala usilie kwanza. Mwambie ni ugonjwa gani mnakwenda kuuwinda, kisha unyamaze umsikilize. Siku ya safari asikusindikize mwingine stendi ila yeye, na safari hii mkono uwe wako, begani kwake, yeye akiwa mbele.

Huko uendako kuna baba wa mtu ambaye leo anaona vizuri na hajui kinachomnyemelea. Siku moja ataingia kwa daktari, na kwa ajili ya maduara yenu ataambiwa, "Mzee, umewahi." Sababu kubwa kuliko hiyo ya kupanda basi mimi sina.

Lakini kabla ya yote, kesho asubuhi tangulia kwenye ile nguzo, simama mbele yake peupe, na baba yako akifika umwitikie ile salamu yake.

Shangazi