Dumu la Urwagwa Lililorudi Limejaa

Mpendwa mjukuu wangu,

Jina lako siliandiki hapa. Ni lako kulitaja, siku na mahali utakapopenda. Lakini barua yenyewe naiacha wazi isomwe na yeyote, hasa wazee wa ukoo wetu walioondoka sebuleni kwangu sasa hivi. Walitaka nikushawishi uiondoe hadithi yako kwenye kitabu cha hadithi za vijana kabla hakijachapwa. Wanasema msichana wa hadithini anafanana mno na wewe, na fundi cherehani anafanana mno na jirani yetu. Nikawajibu kwamba, basi, mwandishi amefanya kazi yake vizuri.

Unakumbuka miezi ile, baada ya wewe kwenda kupimwa sare ya shule? Jirani yule fundi alifunga mlango kwa komeo, akakufanyia ukatili uliokunyang'anya maneno. Ukawa unajibu kwa kichwa tu. Mama yako aliongea nawe, mwalimu akaongea nawe, kimya. Mimi sikuwa na dawa. Nilikuwa na sanduku la vitabu nililotoka nalo ukimbizini Karagwe, tuliporudi katika nchi niliyoiacha nikiwa mgongoni mwa mama. Nikawa nakusomea barazani, wewe ukimenya viazi vya Mudende.

Riwaya moja ilimhusu msichana aliyeumizwa kama wewe. Mwishoni mwandishi alimpeleka kijiji cha mbali, akamwoza, akamaliza. Nilipofunga kitabu, uliweka kisu chini.

"Bibi, juu ya nini huyu musichana hasemi?"

"Labda mwandishi aliona aibu," nikasema.

"Basi aibu ni ya mwandishi. Haiko ya musichana."

Baada ya kimya kirefu namna ile, maneno yako ya kwanza yakawa ya kumgombeza mwandishi! Nilicheka hadi viazi vikabingirika uani, kisha nikalia, ukanifuta kwa ncha ya kanga yangu.

Haikupita muda, wazee wa fundi wakaja na dumu la urwagwa. Wote tulijua maana yake: pombe ile ya ndizi ikishapita kwenye mirija, kila mmoja akanywa, neno limekwisha, na atakayelifufua ndiye mkosaji. Baba yako mdogo, Tonton wako, alikuwa amekwisha kushika mrija.

"Mama, tumalize," akaniambia. "Mutoto iko muzima, anakula. Tugombane na majirani mpaka lini?"

Ukatoka jikoni, mikono bado ina maji ya viazi.

"Tonton, ukikunywa hiyo, unakunywa mimi."

"We mutoto, nani amekuita?" mzee mmoja akafoka.

"Hakuna. Lakini ni mimi nilifungiwa mulango. Donc, basi, ni mimi wa kusema imekwisha. Na haijaisha."

Tonton wako aliuweka mrija chini. Dumu likaondoka na pikipiki ile ile iliyolileta, likidondosha povu barabara nzima ya Rugerero. Kesho yake tulikwenda polisi, na uliyoyasema uliyasema mwenyewe, mimi na mama yako tumekaa kando. Fundi yuko kifungoni. Wapo wanaotuamkia kwa shingo upande hadi leo. Waache shingo ziwaume.

Sasa uko shule ya bweni, mbali na ziwa la hapa kwetu, na baraza imekuwa pana kupita kiasi. Namenya viazi peke yangu. Nasoma kwa sauti kwa mazoea, halafu nanyamaza kwa kuwa hakuna wa kubishana na waandishi.

Nimeishi ukimbizini sehemu kubwa ya umri wangu nikiambiwa niseme polepole, kwa sababu pale si kwetu. Nilizoea. Mpaka leo nashusha sauti sokoni bila kujua. Wewe uko kwenu. Sema kwa sauti uliyo nayo.

Usibadilishe hata neno moja. Isipokuwa bibi wa hadithini: umeandika anakoroma. Hilo tutalizungumza likizo.

Wazee wa ukoo nao walikuja na dumu. Liko mlangoni, limejaa hadi shingoni, linasubiri pikipiki ya kulirudisha. Aliyeiita pikipiki ni Tonton wako.

Mimi ni yule yule,
Bibi yako